Ndama Aliyeonyeshwa Wakwe

Jumapili, 1 Septemba 2024

Ibada ya kwanza. Mahubiri marefu, magoti yangu hayana subira tena. Baada ya mnada (mkungu mmoja wa ndizi, maparachichi, na jogoo ambaye mchungaji alimnunua mwenyewe baada ya watu kukaa kimya!) nikapewa dakika tano za matangazo ya Mfuko. Nikasema: Jumamosi tarehe 28, uani kwetu, ndama jike wa Theopista atakabidhiwa kwa Hajira wa Mabogini. Makofi.

Ikabidi nieleze sheria upya, maana kila mwaka kuna kijana anayedhani tunagawa ng'ombe kama peremende. Unapewa mtamba, jike ambaye hajazaa. Unamlea. Maziwa yako, mbolea yako. Akizaa jike wa kwanza, unamtunza mpaka aache kunyonya, unampa jirani anayefuata kwenye orodha, na watu wakishuhudia. Baada ya hapo ng'ombe ni wako kabisa. Baba alianza na ng'ombe wawili. Alipofariki tukasajili: Mfuko wa Mzee Sifael. Eliona mwenyekiti — mdogo wangu, nilimbeba mgongoni, lakini ndiye mwanaume. Mimi katibu. Maana yake mwenyekiti anashika maikrofoni, katibu anakanyaga mavi ya ng'ombe.

Nimepita kwa Theopista kumwona ndama. Miezi saba sasa. Mweusi, doa jeupe mguuni, macho ya kudadisi. Alinivuta kanga mpaka nikapiga kelele. Theopista akacheka, akasema, "Mwalimu, huyu hapendi waliostaafu." Nilimfundisha darasa la nne huyu mama, na bado hana adabu. Jina hajapewa. Jina hutolewa na anayepokea.

Jumanne, 3 Septemba

Nimeteremka Mabogini kukagua banda la Hajira. Joto! Ukitoka huku kwetu Old Moshi na sweta unafika kule unataka kuvua hata viatu.

Banda safi. Safi kuliko jikoni kwangu, nakiri. Sakafu ya mawe ameipanga yeye mwenyewe, ina mteremko wa mkojo kutiririka. Paa la makuti, juu ameongeza nyasi za mpunga kupunguza joto. Sehemu ya kulishia, sehemu ya maji, sehemu ya kulala. Semina zote tatu alihudhuria, na maswali alikuwa anauliza yeye tu. Kwenye fomu nimejaza vema kila mahali, sijawahi kufanya hivyo tangu nianze kazi hii.

Miaka tisa huyu mama anapandisha majani kwetu. Kwetu mlimani kila mtu amefungia ng'ombe ndani, migomba haitoshi, kiangazi kikikaza tunategemea majani ya tambarare. Anakata, anafunga, analeta kwa pikapu, anagawa nyumba kwa nyumba. Leo ameniambia, huku anamimina chai ya rangi: "Mwalimu, miaka tisa nabeba majani ya ng'ombe wa watu. Na mimi nataka nimbebee wangu." Mwanawe Shani akaniuliza kama ndama anauma. Nikamwambia anavuta kanga tu.

Wakati naondoka Hajira akauliza polepole, hata kama yeye si wa kanisa letu? Nikakasirika kidogo. Nikamwambia baba alikuwa anauliza una banda au huna, mambo ya kusali wapi alimwachia Mungu. Tarehe 28, saa nne. Nikarudia: saa nne kamili, si saa nne ya harusi.

Jumamosi, 7 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nianzie na wageni.

Eliona alipiga simu juzi: wakwe wanakuja kutuona tunavyokaa. Yaani wajomba wa Gladness, mchumba wa mwanawe Daniel, kutoka Machame. Nikapika tangu alfajiri: kiburu cha ndizi na maharage, nyama, ndizi za kuchoma, pombe ya mbege nilichukua kwa jirani. Wakaja sita. Mkubwa wao Mzee Isack, mtu mpole, anavaa kofia hata ndani. Wakala vizuri. Wakasifu kihamba, shamba letu la ukoo, wakasifu kahawa ya baba, wakasimama kidogo kaburini kwake. Daniel amekaa kama yuko kwenye mtihani. Mpaka hapo mimi nina furaha tele.

Halafu Eliona akasimama. "Twendeni mkaone."

Nilidhani anawapeleka kuona mfereji. Nikabeba jagi la mbege nikafuata nyuma kama shangazi mwema. Tukateremka, tukapita shule, tukakata kushoto — kwa Theopista. Kwa Theopista! Theopista alikuwa anakatakata mgomba, akasimama na panga mkononi. Eliona akaingia bandani na suruali yake ya kwenda mjini, akaweka mkono juu ya mgongo wa ndama. "Huyu ndiye. Ng'ombe wa marehemu baba."

Mzee Isack akamzunguka mara mbili. Akamtazama meno, akampapasa mgongo. Akasema, "Tumemwona."

Kwetu neno hilo ni zito. Siku hizi wengi wanageuza mnyama wa mahari kuwa pesa, lakini bibi yake Gladness amesema hataki bahasha, anataka mtamba mwenye miguu minne. Na mnyama aliyeonyeshwa wakwe habadilishwi. Ukipeleka mwingine umewaambia kwamba hata binti yao anaweza kubadilishwa.

Theopista akanitazama. Mimi nikatazama jagi. Watu sita wa Machame wamesimama pale, mdogo wangu anatabasamu, Daniel anatabasamu. Nitasemaje? Ndugu hawavuani nguo mbele ya wakwe. Nikawaongezea mbege.

Niliwaongezea mbege! Mwalimu mzima, miaka thelathini na nne nawachapa watoto wa watu kwa kutosema ukweli.

Jumapili, 8 Septemba

Leo ilikuwa meza ya Bwana. Sikwenda mbele. Nikasema magoti.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimempigia Eliona saa mbili asubuhi, kabla hajafungua duka lake la mabati. Nikamwambia: ndama yule ni wa Hajira, nimetangaza kanisani. Akacheka kwanza. Kisha akaona sicheki.

Maneno yake, kwa kifupi. Ng'ombe ni wa baba. Baba aliwaweka kwa watu, kama babu alivyoweka, kama wazee wote walivyoweka: mlezi anakunywa maziwa, anachukua mbolea, ndama anabaki wa mwenye ng'ombe. Mwenye ng'ombe akiwa na shida anakuja kumchukua. Yeye ana shida, anaozesha kijana. Mwakani tutampa Hajira mwingine. Isitoshe Mabogini joto, ng'ombe wa kisasa atakufa, tutalaumiwa.

Nikamwambia katiba ya Mfuko inasema vingine, na sahihi yake ipo chini. Akasema, "Dada, ile katiba tuliandika kwa ajili ya usajili."

Nilikata simu. Halafu nikakaa muda mrefu jikoni, maana sehemu moja amesema kweli. Ni mimi niliyempigia simu ndama alipozaliwa mwezi wa pili. Nilisema nini? "Ng'ombe wa baba kwa Theopista amezaa jike!" Hatujawahi kusema vingine. Hata mimi, mwenye kuandika kila kitu, nyumbani nasema ng'ombe wa baba. Yeye akajibu, "Mungu mkubwa, amekuja kwa wakati." Nikadhani anamfurahia Hajira. Kumbe Hajira hamjui hata sura!

Alhamisi, 12 Septemba

Theopista amekuja mwenyewe na chupa ya maziwa, jambo ambalo hafanyi bila sababu. Anataka kujua kamba amkabidhi nani.

Nikamuuliza kwa nini hakusema kitu siku ile. Akanishangaa. Akasema mama yake alilea ng'ombe wa watu wengine miaka mingi kabla ya wale wa baba. Mwenye ng'ombe akija huulizi, unafungua mlango. Alidhani tumekubaliana kifamilia. "Wewe ndiye ulikuwa na jagi, mwalimu."

Nimemwambia asimkabidhi mtu yeyote mpaka nimwambie mimi. Akasema sawa, lakini Eliona akija na gari yeye ni mjane, hatagombana na mwanaume uani kwake. Nimemwelewa. Sikupenda kumwelewa.

Jumatatu, 16 Septemba

Jua kali. Majani ya migomba yamejikunja. Nimeandika barua kwa mwenyekiti, rasmi, kumbukumbu namba na kila kitu. Nimeichana. Nimempigia mdogo wangu Elizabeth aliyeko Dar, naye ni mjumbe wa bodi, angalau kwenye wasapu. Elizabeth kasema, "Dada, achana nayo, ni ng'ombe mmoja tu jamani, usituharibie sherehe, kitambaa nimeshanunua." Kitambaa cha rangi ya nini, nikauliza kwa hasira. Maruni.

Jumamosi, 21 Septemba

Habari imeshafika Uru. Elifuraha — yule mwenye kahawa, alipata mtamba wetu miaka mitatu iliyopita — amenisimamisha sokoni. Shikamoo vizuri, habari za magoti vizuri. Kisha: ndama jike wake anampeleka mnadani mwezi ujao.

Nikamwambia hawezi, kuna mama mmoja wa Kimochi anamsubiri, yuko kwenye orodha. Akasema, bila ukali, kama mtu anayeeleza bei ya chumvi: "Mwalimu, kama mwenyekiti anachukua wa kwake, na mimi nachukua wa kwangu. Au sheria ni ya sisi wa chini?"

Nilikuwa nimeshika kabichi. Nimerudi nyumbani nikafungua daftari la orodha: kaya kumi na nne zinasubiri. Kumi na nne! Na Elifuraha ana mdomo, na soko lina masikio. Baba alitumia miaka ishirini kuwafanya watu waachie ndama kwa hiari, na sisi tumetumia jioni moja na jagi la mbege.

Nimelia kidogo. Basi.

Jumatano, 25 Septemba

Hajira amepanda na majani. Pikapu ikaishia barabarani, akaja hadi mlangoni na mzigo kichwani. Nikadhani ni wa ng'ombe wangu. Hapana. Ni nyasi za mpunga, amezikata fupi fupi, amechanganya na pumba. "Mpe Theopista, mwalimu. Ndama aanze kuzizoea kidogo kidogo, asije akafika kwangu akakataa kula."

Nilitakiwa kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikasema tumeahirisha kidogo, daktari wa mifugo hajampima.

Akaitikia. Akauliza anaumwa? Nikasema hapana, ni utaratibu tu. Huyu mama si mjinga. Akasema basi hizo nyasi apewe hata hivyo, hazina sumu. Akateremka.

Sasa nimenyamaza mara moja na nimedanganya mara moja. Na nina miaka sitini na moja.

Mzigo nimeupeleka kwa Theopista. Ndama alikula wote.

Jumamosi, 28 Septemba

Saa nne kamili. Uani hakuna mtu. Kuku tu.

Jumatatu, 30 Septemba

Daniel amekuja kusalimia, ameniletea mkate na sukari. Nikampa mtori, nikamwacha amalize bakuli kwanza, kisha nikamweleza yote. Banda la mawe, miaka tisa, Elifuraha, orodha. Hakuwa anajua. Namwamini, huyu mtoto tangu mdogo akidanganya masikio yanamwiva, na masikio yalikuwa kawaida.

Akazungusha kijiko. Akasema, "Shangazi, sasa nifanyeje? Wameshamwona."

Nikasema angeweza kumwambia baba yake. Akasema amejaribu kumwambia baba yake mambo mengine madogo kuliko hayo, ikashindikana. Akasema bibi yake Gladness ni mzee, anaumwa, anawahimiza wamalize haraka. Akasema Gladness ameshaambiwa na mashosti kwamba familia yetu ni watu wa kujidai. Kisha akanishika mkono. "Shangazi, naomba usiniharibie."

Nampenda huyu mtoto. Niliacha kazi wiki tatu alipolazwa na nimonia, nikalala sakafuni chini ya kitanda chake. Nikamwambia ale mtori mwingine. Hakula.

Jumatano, 2 Oktoba

Eliona amekuja kupanga safari. Jumamosi saa moja asubuhi, magari matatu, pikapu ya ndama mbele. Nani atabeba mbege, nani blanketi, nani asali. Ameandika kwenye karatasi, nadhifu, hata mimi ningempa alama nzuri. Mwisho akaniambia: wale wa Machame wanafuata mila. Mnyama akifika, mkubwa wao atauliza ametoka zizi la nani. Baba wa kijana hajibu mwenyewe, anajibu shangazi, kwa sababu shangazi ni binti wa zizi lile na hana cha kupata. "Utasema tu: zizi la Mzee Sifael. Maneno manne."

Nikasema sitakwenda. Akasema bila shangazi hakuna mahari, wataturudisha. Nikasema basi turudishwe tukapange upya na mnyama mwingine, na mimi nitakwenda kwa magoti kumwomba radhi Mzee Isack. Akapandisha sauti. Nami nikapandisha. Tumegombana kama watoto, jirani akaja mpaka kwenye uzio akijifanya anatafuta kuku.

Halafu akasema lile neno. Akalisema kwa sauti ya chini: "Dada, hii nyumba unakaa kwa sababu mimi nimekubali."

Ni kweli. Kihamba ni chake, ndiye kitinda mimba, nyumba ya baba huenda kwake. Mimi nilirudi hapa baada ya ndoa yangu kushindwa, na baba alinipa chumba, na Eliona hakuwahi hata siku moja kunikumbusha. Miaka ishirini na mbili hakuwahi. Leo amenikumbusha.

Alipoona uso wangu akataka kulirudisha. Akasema hakumaanisha. Akakunywa maji, akaondoka na kuacha karatasi yake mezani. Nimeumia, sitaki kuandika zaidi.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mbege imeiva. Elizabeth amefika na vitambaa. Maruni kweli, na gauni langu linanibana kifuani.

Saa saba mchana imeingia meseji ya Hajira. Naiandika kama ilivyo: "Shikamoo mwalimu. Nimesikia habari ya ndama. Usigombane na ndugu yako kwa ajili yangu, damu ni damu. Nitaendelea kusubiri. Majani ya Jumatatu nitaleta kama kawaida."

Nimeisoma nimesimama. Nimeisoma nimekaa. Afadhali angenitukana. Angesema mwalimu wewe ni mwongo, ningejua pa kuanzia. Nimejibu "Marahaba." Neno hilo tu. Aibu gani hii!

Theopista amesema pikapu imekuja kuangalia njia ya kupakilia. Amewafungulia mlango.

Jumamosi, 5 Oktoba. Machame. Saa tano na nusu asubuhi

Naandikia chumbani kwa wenyeji, chumba cha kuwekea mikoba. Kitandani kuna mikoba kama ishirini, yangu katikati. Nimeomba ruhusa kumeza dawa ya presha. Si uongo, asubuhi nilisahau kweli. Nimeshaimeza. Bado nimekaa.

Tumefika saa tatu. Nyimbo, vigelegele, tukazuiwa getini, Elizabeth akaimba mpaka sauti ikakauka. Gladness tumeonyeshwa kwa mbali. Msichana mzuri, ana mwanya, anacheka na Daniel kwa macho. Bibi yake ametolewa nje na kiti, amefunikwa shuka ingawa kuna jua. Ameomba asogezwe karibu na pikapu. Akaingiza mkono kwenye mbao akamgusa ndama puani. Ndama akamlamba. Bibi akacheka kwa sauti, watu wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nasema ukweli, nilitamani wakati ule kila kitu kiwe kama Eliona anavyosema.

Kisha tukaketi. Blanketi likapokelewa, mbege ikaonjwa. Mzee Isack akavua kofia, mara ya kwanza namwona bila kofia, akauliza kwa Kichagga, akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya vijana: "Mnyama huyu ametoka zizi la nani?"

Eliona akasema, "Dada yangu atajibu."

Wote wakageuka. Hapo ndipo nikasema habari ya dawa. Mzee Isack akasema nenda mama, afya kwanza, tutakungoja.

Maneno manne. Zizi la Mzee Sifael. Nikiyasema, tunakula, tunacheza, tunarudi nyumbani, Jumatatu Hajira analeta majani. Mwezi ujao Elifuraha anauza. Halafu mwingine. Nami nitakuwa katibu wa daftari tu. Na nisipoyasema — sijui. Bibi anaweza kukasirika. Anaweza kuomba kuingizwa ndani. Daniel atanichukia, kwa muda au kwa siku zote. Eliona hatanifukuza, namjua, atalia kwanza. Au atanifukuza. Lakini kweli baba aliwaweka ng'ombe kwa watu wachukuliwe tena na sisi? Alimkabidhi mama wa Theopista kamba mbele ya macho yangu, akasema: akizaa, usiniletee mimi. Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, si mtoto. Eliona alikuwa Dar wakati huo. Hakusikia. Mimi nilisikia.

Dereva wa pikapu amekuja dirishani. Anaitwa Khamisi, tumekodi gari mjini, ndiyo mara ya kwanza namwona. Anasema, mama, vijana wa hapa wananiambia nimshushe mnyama, jua linampiga, nimshushe? Nikamwambia asubiri kidogo. Nikamuuliza yeye ni wa wapi. Pasua, anasema. Nikamuuliza kwa gari ni muda gani kutoka hapa mpaka Mabogini. Akawaza. Saa moja, na mnyama nyuma saa moja na nusu, kule chini njia ina mashimo. Akauliza kwani kuna mzigo wa kwenda Mabogini?

Nje wameanza wimbo kujaza muda. Nawasikia wanapiga meza. Kuna mtu anagonga mlango, ni Eliona, anagonga kwa kidole kimoja kama alivyokuwa akigonga utotoni akitaka nimfungulie choo usiku. "Dada. Uko salama? Watu wanasubiri."

Nimemwambia ninakuja.

Nimerudi dirishani. Nimemwambia Khamisi asimshushe. Ampe maji, amtafutie kivuli, na ageuze gari litazame barabarani.

Eliona anagonga tena. Naenda.